Kitenzi "get" sio "pata" peke yake, njooni tuelimishane

Mzee wa Trei

Wakuu habari za jioni. Leo nimekaa nikakumbuka mbali, nikasema ngoja nishushe uzi kuhusu hiki kitenzi cha kiingereza kinaitwa get, maana katika vyote ndo kilinitesa kuliko vyote na naona vijana bado kinawatesa ila wenyewe hawajui kama wanateswa. Shuleni tulikaririshwa get, got, got, maana yake pata. Kengele, mapumziko. Unatoka hapo unajiona umekimaliza, afu unaingia kazini kwa wageni unagundua mwalimu alikuonyesha punje moja akakwambia gunia ndo hili.

Mimi nilianza uweta Paje kule Unguja, hoteli siitaji, nimetoka bara na kiingereza changu cha kidato cha nne. Wiki ya kwanza tu meza moja wamekaa Waingereza wawili, wamekula wamemaliza, nikapeleka bili. Mmoja akaiwekea mkono juu akamwambia mwenzie "I'll get this". Kichwani kwangu get ni pata, this ni hii, kwaiyo huyu anataka kuipata hii karatasi, labda anapeleka ofisini kwao wamrudishie hela. Nikasema okay sir nikaondoka zangu. Nikasimama kaunta nasubiri waniite, wao wamekaa wanasubiri nirudi na mashine ya kadi, tunatazamana tu kwa mbali tunatabasamu. Kumbe jamaa alikuwa anamwambia mwenzie "hii nalipa mimi".

Kesho yake simu ya mapokezi inalia, meneja yuko bize na mgeni, ananiambia "can you get that?" Nikaanza kuangaza macho that ni ipi, nikachukue nini. Ilikuwa ni pokea simu. Mlango ukigongwa, "get the door", nenda kafungue. Mgeni kalala kwenye kiti cha ufukweni, "could you get me a towel?", niletee taulo. Angalieni hapo wakuu, siku mbili tu kitenzi kimoja kimekuwa lipa, pokea, fungua, leta, na pata yenyewe haijaonekana hata kwa dawa.

Sasa siri niliyokuja kuigundua baadae sana, na ndo sababu ya huu uzi: usiulize get maana yake nini, uliza nyuma yake kimefuata nini. Get peke yake ni kama kiroba kitupu. Kikifuata kitu ni habari nyingine, ikifuata sifa nyingine, ikifuata sehemu nyingine, na kikifuata kitenzi ndo mnaingia msituni kabisa.

Tuanze na kitu. Hapa ndo pata inakaa, I got a job, nimepata kazi, I got your message, nimeipata meseji yako. Ila ndani yake kuna kununua pia, na hapa kuna mtego wa kiswahili chetu. Sisi sokoni hatusemi nimenunua, tunasema nimechukua. "Hiki kiatu umechukua shingapi?" "Nimechukua buku kumi na tano pale Karume." Sasa mtu anamwambia mzungu "I took this shoe at Karume". Mzungu anakuangalia mara mbili, maana take hapo bila maelezo inaweza kusikika kama umebeba tu ukaondoka nacho. Sema I got it at Karume, I got it for fifteen thousand. Take yetu ya sokoni ni get yao.

Kuna pata zetu nyingi tu ambazo kwao sio get, hizi zikariri kwa sababu ukitafsiri neno kwa neno unaumbuka. Nimepata ajali wao wanasema I had an accident. Nimepata mtoto, I had a baby. Nimepata hasara, I made a loss. Tumepata msiba ndo kabisaa usiiguse na get, unasema tu tumefiwa na fulani, we lost our grandfather. Ila nimepata mafua inaenda vizuri na get, I got a cold. Mantiki yake usinitafute, lugha ndo zilivyo, hata sisi tunakula chumvi, tunakula kiapo na tunakula hasara na hakuna aliyeshiba.

Haya, sifa. Hapa ndo kuna utamu wakuu tulieni. Get ikifuatwa na sifa maana yake ni kuingia kwenye ile hali, kutoka hukoo kuja huku. Get tired, get old, get fat, get drunk, get angry. Sasa kiswahili hatuhitaji kitenzi cha kusaidia hapo kwa sababu tuna vitenzi vyenyewe vimeshashiba: choka, zeeka, nenepa, lewa, kasirika. Ndo maana mswahili get hii haimjii kichwani, anatafuta pata haioni, anaishia kusema "I am tired" kwa kila kitu. Na tofauti ipo kubwa. Nimechoka ni I'm tired, nimeshafika huko. Nachoka ni I'm getting tired, bado niko njiani naelekea. Hiyo -me- na -na- yetu inafanya kazi ambayo wao wanaifanya kwa be na get. Nimelewa, I'm drunk. Nalewa sasa, I'm getting drunk. Siku nimeelewa hili nilikuwa nafuta meza, nikasimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyeona jini.

Ila chunga, baada ya get hii weka sifa tu, usiweke cheo wala kazi. Nilikuwa na mwenzangu jikoni alikuwa na ndoto za udaktari, akamwambia mgeni mmoja mama wa makamo "I want to get a doctor". Yule mama akanyanyuka, unaumwa nini mwanangu, kaa chini, mwenzenu hapa anaumwa. Get a doctor ni kamwiteni daktari. Kuwa daktari ni become a doctor.

Afu kuna ile ya ndoa. She got married. Kiswahili ameolewa na Juma, sasa hiyo na yetu inabeba mizigo mingi, ni "pamoja na" na pia ni ya mtendaji, kama ameumwa na nyoka, bitten by a snake. Kwaiyo mtu anasema "my sister got married by Juma". Kwa mzungu Juma hapo ndo mchungaji au kadhi, ndo aliyefungisha. Sema got married to Juma. Na kwao hamna kuoa na kuolewa, mwanaume got married, mwanamke got married, wote sawa, hivo msianze kubishana hapa nani anapaswa kutumia ipi.

Ngoja nile kwanza narudi, sehemu ya mafundi bado na ndo naipenda kuliko zote.

binti_wa_ngamiani

Mzee wa Trei nimecheka ya bili mpaka mama kaniuliza kuna nini 😂😂 Mi naomba kuuliza, hii I've got na I got na I get zinanichanganya, kuna mtu kazini nikimweleza kitu anajibu "got it", mwingine "I get it", nashindwa kujua wameelewa au wamepokea.

Sauti ya Bwawani

Nawahi siti ya mbele.

Mkweli Daima

Yani tunakaa kujadili kitenzi cha mkoloni, wachina wanatumia kichina chao na wamefika mwezini. Tukuze kiswahili.

Mzee wa Trei

Mkweli Daima uzi wa kukuza kiswahili fungua nitakuja kuchangia, na mimi naona kabisa huu hapa unakukuzia maana nimejua uzuri wa -me- na -na- kupitia get, kabla ya hapo nilikuwa natumia tu kama mtu anavyopumua.

binti_wa_ngamiani swali zuri. "Got it" ni poa, nimekusikia, nimeelewa, naenda kufanya. Inajibiwa kwenye maagizo. Bosi anasema meza nne hawali karanga, unajibu got it. "I get it" ni nimekuelewa kwa undani, nimeona unachomaanisha, na wakati mwingine inasemwa kwa kukereka, "okay okay, I get it", nimeshaelewa acha kurudia. "I've got" ni ninayo, haina habari ya kupata tena, I've got two brothers, nina kaka wawili, hujawapata popote umezaliwa umewakuta. "I've got to go" hapo imekuwa lazima, inabidi niende, na kwenye kuongea Wamarekani wanaimeza inakuwa gotta.

Wa Kisauni

Salaam wandugu, nawasoma kutoka Mombasa. Hapo kwa kuelewa nataka niongeze, sisi Kenya tuna "are you getting me?" Mwalimu anaongea dakika tano, are you getting me, darasa lote yeees. Mimi nimefanya kazi kwa simu na wateja wa ng'ambo, nikamwuliza mteja "are you getting me?" akadhani nauliza kama laini inakamata, akajibu yes I can hear you fine. Bosi akanivuta kando akaniambia ile ya kuelewa haitaki -ing, ni "do you get what I mean?" Lakini ukweli usemwe, hapa kwetu ile ya kwanza kila mtu anaielewa na sioni ikienda popote.

Mzee wa Trei

Wa Kisauni shukran, hiyo hata kwetu ipo, walimu wa sekondari ndo wimbo wao. Kuelewa ni kama kujua, huwezi kuwa "unajua jua" sasa hivi, ndo maana wao -ing hawaiweki hapo. Ila kama wote mezani mnaelewana hakuna kesi, mi nasema tu ukienda kwenye usaili au mtihani ujue ipi ni ipi.

Kitunguu Saumu

Nami nitoe ushuhuda. Wabongo tukikutana na mtu siku nyingi hatujaonana tunasema umepotea sana siku hizi. Mimi nilikuwa nina msimamizi wangu wa masomo, mtu wa nje, hatujaonana miezi miwili nikamwandikia barua pepe nikaanza na uchangamfu wangu wote, "Dear Professor, you get lost these days!" Hakujibu wiki nzima. Nilikuja kuelezwa na mwenzangu get lost ukimwambia mtu usoni maana yake tokomea, potelea mbali huko. Namshukuru Mungu nilimaliza shahada.

binti_wa_ngamiani

Uwiiii 😂😂😂 professor katokomea kweli

Mzee wa Trei

Kitunguu Saumu wewe umenizidi, mi niliacha watu na bili wewe umefukuza profesa. Kwa faida ya wengine, umepotea yetu kwa kiingereza ni "long time no see" au "I haven't seen you in ages". Got lost kama umepotea njia kweli iko sawa, we got lost on the way to Jambiani. Ila "get lost" ikisimama yenyewe kama amri ni tusi la kistaarabu.

Sasa mafundi. Wakuu hii ni ya kwetu kabisa. Mswahili akipeleka simu kwa fundi Kariakoo akarudi nayo inawaka, anasema nini? "Nimetengeneza simu yangu." Akitoka saluni, "nimesuka". Akitoka kinyozi, "nimenyoa". Akipeleka kitambaa kwa fundi cherehani, "nimeshona gauni la harusi". Hakuna anayedhani umekaa mwenyewe na cherehani, wote tunajua kuna fundi, fundi yupo kwenye hewa hatajwi. Kiingereza fundi lazima aonekane hata kwa kivuli, na kivuli chenyewe ndo get. I got my phone fixed. I got my hair braided. I got my hair cut. I got a dress made. Ukisema "I fixed my phone" mzungu anakuletea na ya kwake. Haya sio maneno, dada mmoja wa usafi alisema "I braided my hair yesterday", mgeni akamwambia wow wewe mwenyewe, basi nisuke na mimi, nitakulipa dola ishirini. Dada wa watu hajui hata kushika kitana, akamtafuta shangazi yake usiku huohuo.

Muundo wake ni get, afu kitu, afu kitenzi kwenye umbo la tatu. Get the car washed, get the form stamped, get your shoes repaired. Ukienda ofisi za serikali sentensi yako ya maisha ni I need to get this form stamped, maana mhuri huwezi kujigongea. Ukijigongea ni kesi.

Na pembeni yake kuna ya kumfanya mtu afanye kitu. I got him to sign, nilimbembeleza, nilimzungusha mpaka akasaini, kuna jasho hapo. I made him sign, nilimlazimisha. I had him sign, nilimwambia tu akasaini, ndo kazi yake. Kiswahili tunaweza kusema nilimsainisha na zote tatu zikaingia humo, -isha yetu haisemi ulitumia maneno au ulitumia rungu. Na mtego wa mtihani ni huu, get inadai to, got him to sign. Made na had hazitaki to.

fundi_simu_wa_ukweli

Mimi kama fundi nimefurahi kusikia tupo kwenye hewa, ndo maana hela zetu nazo mnatulipa za hewa.

Sauti ya Bwawani

😂😂😂😂 Fundi kapigilia msumari

Konda Mstaafu Mbagala

Mkuu mimi naomba ya magari. Watoto wangu wanasoma wananiuliza kupanda gari ni get in au get on, mimi nimepandisha watu miaka kumi na mbili lakini kwa kiswahili tu.

Mzee wa Trei

Konda heshima yako. Kanuni rahisi waliyonipa ni hii: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, get on na get off. Basi, treni, meli, ndege, pantoni la Kigamboni. Chombo unachoingia umejikunja unakaa hapohapo, get in na get out of, taksi, gari dogo, bajaji, mtumbwi pia. Vya kukalia kama mnyama, yani pikipiki, baiskeli, farasi, punda, ni get on na get off. Daladala nalo ni basi kwaiyo get on, hata kama la Mbagala saa kumi na mbili jioni unaingia umejikunja kuliko kwenye bajaji.

Na sehemu nayo iongezwe hapo. Get ikifuatwa na sehemu ni kufika. What time did you get to Morogoro, ulifika saa ngapi. Inadai to, ila home, here na there zinaikataa. Get home, get here, get there. "I got to home" ni kosa ambalo nalisikia kila siku, hata kwa watu wenye digrii zao.

Ila sasa got to ikikutana na kitenzi badala ya sehemu inageuka tena. I got to see the president, hapo ni nilibahatika kumwona, nilipata kumwona. Mnaona? Pata imerudi! Kiswahili cha wazee kina hii hii, "sijapata kuona mtu mkaidi kama wewe", "uliwahi kupata kufika Pangani?". Bibi yangu anaongea hivo. Hii ndo sehemu ambayo get na pata zinatembea kwa mguu mmoja hata kitenzi kikifuata, na cha ajabu ndo ambayo shuleni hawakutufundisha.

Mwl. Chaki

Nimepita nikaona uzi umetulia, nichangie kama mwalimu wa form two. Shida inaanzia mbali, mtoto anasoma msingi kwa kiswahili miaka yote, anafika form one masomo karibu yote kwa kiingereza, anapewa orodha ya vitenzi akariri na maana moja moja. Sio kosa la mwalimu peke yake, darasa lina watoto tisini utawafundisha get kwa namna zote hizo lini.

Mimi naomba niongeze mawili. La kwanza, kuna get inayokaa mahali pa be kwenye sentensi za kutendwa. He was robbed, he got robbed, zote aliibiwa. Ila ya get ni ya mdomoni zaidi, na mara nyingi inakuja na jambo lililomkuta mtu ghafla au baya, got fired, got hit by a car, got caught. Nzuri nazo zipo, got promoted, got paid. Na inasaidia pale be inapokuwa na utata. Ukisema "the window was broken" haijulikani ilikuwa imeshavunjika ulipofika au ilivunjwa mbele yako, ukisema got broken ni tukio, limetokea. Mswahili ana vunjika na vunjwa, na mzungu naye anahangaika na vyake.

La pili ni kwenye uandishi. Barua ya kazi na ripoti usijaze get. I got your letter andika I received your letter. Get better andika improve. Lakini pia msije mkakimbilia obtain kila mahali, nimesahihisha insha moja mwanafunzi ameandika "I obtained hungry". Nilimpa nusu maksi ya ujasiri.

Kitunguu Saumu

Obtained hungry 😂 huyo atafika mbali

Wa Kisauni

Mwalimu swali, gotten ni kiingereza sawa ama ni cha mafilamu? Mimi naandika gotten kila siku na kuna mzee kazini ananisahihisha kama ametumwa.

Mwl. Chaki

Wa Kisauni, mzee wako anafuata Uingereza, wewe unafuata Marekani, hakuna mwizi hapo. Kinachochekesha ni kwamba gotten sio uvumbuzi wa Wamarekani, ni ya zamani, Waingereza wenyewe walikuwa wanaitumia, wahamiaji wakavuka nayo bahari, waliobaki nyumbani wakaiacha taratibu. Ndugu zake bado wapo Uingereza mpaka leo, forgotten wanasema, na mali ya haramu wanaiita ill-gotten gains. Mitihani yetu inafata ya Uingereza kwaiyo mwanafunzi aandike got.

Na Wamarekani wenyewe wana zote mbili kwa kazi tofauti. I've got a car, ninalo gari. I've gotten a car, nimelipata, nimelinunua. I've gotten used to it, nimezoea.

Kwa wanaopenda historia, hili neno halikuwa la Waingereza peke yao. Kiingereza cha kale kilikuwa nalo ndani ya maneno marefu kama hilo la kusahau, forget, lakini get inayosimama yenyewe ilitoka kwa Waviking, kwenye lugha yao ya Kinorse walikuwa na geta. Walivamia England karne ya 9, wengine wakakaa, wakaoa, wakalima, na maneno yakabaki. Take nayo ni yao, hata they. Yani kama sisi na samahani, tafadhali na shukrani, waarabu walikuja kufanya biashara maneno yakashuka na mizigo.

Mkweli Daima

Kumbe na wao ni wa kuazima azima tu. Endeleeni nasoma.

Mzee wa Trei

Mkweli Daima karibu chai 😂

Mwalimu asante umenipiga shule. Mimi nimalizie na hivi vya mtaani, get na vijineno vyake vidogo, hivi ndo vimejaa kwenye maongezi na kamusi ukiifungua inakukimbiza. Sitataja vyote maana hata mwezi hautatosha, nataja ninavyovisikia kila wiki.

Get along ni kuelewana. They don't get along, hawaivi chungu kimoja. Get by, kusogeza siku, mtu anakuuliza maisha unajibu we're getting by, tunasukuma tu. Get away with, ufanye kosa usishikwe, uponyoke hivi hivi. Get rid of, kukiondoa kitu kabisa, kuachana nacho. Get up ni kuamka na kunyanyuka kitandani, tofauti na wake up ambayo umefungua macho tu lakini bado uko kwenye shuka unaangalia simu. Get over, kupona au kukubali yaishe, mtu kaachwa na mpenzi wake mwaka wa pili analia, anaambiwa get over it. Ni maneno makali hayo, usimwambie mtu aliye msibani.

Get well soon wengi wanaandika kwenye picha za mgonjwa, kiswahili chake ni ugua pole, na naona yetu ina adabu zaidi kwa sababu haimpi mgonjwa amri ya kupona haraka.

Don't get me wrong, usinielewe vibaya. Hiyo mtu akianza nayo jua kinachofuata utakielewa vibaya tu.

binti_wa_ngamiani

Mzee hiyo ya mwisho ni kweli tupu. Sasa kwa kujifunza mtu aanzie wapi, maana nimesoma nimeelewa ila kesho nitasahau.

Mzee wa Trei

Mi nilifanya hivi, nilikuwa na kadaftari kadogo mfuko wa shati, nikisikia get kwa mgeni naandika sentensi nzima, sio neno, sentensi nzima na pembeni naandika ningeisemaje kwa kiswahili nikiwa naongea na mama yangu. Sio ningeitafsirije, ningeisemaje. Jioni nazisoma tano tu. Kwa miezi mitatu pata ilitokea mara chache sana kwenye ule upande wa kulia, iliyojaa ni leta, fika, elewa, choka, zoea, na sentensi ambazo kitenzi cha get kilipotea kabisa kikabaki kiambishi. Hako kadaftari kalilowa na maji ya bahari siku moja kakaisha, lakini kazi ilikuwa imeshafanyika.

Wa Kisauni

Hii ya kadaftari naiba. I'm getting this idea for free.

Mwl. Chaki

Umeitumia vizuri hiyo -ing sasa.

Konda Mstaafu Mbagala

Wakuu samahani nawarudisha nyuma. Mwanangu wa kwanza alienda usaili wa kazi, kampuni ya watu wa nje, mwisho wakamwambia "we'll get back to you". Hiyo get inaangukia wapi hapo?

Mzee wa Trei

Hiyo kisarufi haina shida Konda, get back to mtu ni kumrudia na jibu, tutakujibu. Alienda lini?

Konda Mstaafu Mbagala

Mwezi wa tatu.

Mzee wa Trei

Dah. Basi ni ile ile ya kwetu ya "tutakupigia".

fundi_simu_wa_ukweli

Mwambie get over it.

Konda Mstaafu Mbagala

Ndo ipi hiyo tena?

fundi_simu_wa_ukweli

Panda juu kidogo mkuu, Mzee wa Trei kaielezea. Afu mwambie na simu aiache hewani, kama haikamati vizuri alete nimtengenezee.

binti_wa_ngamiani

Aseme "I got it fixed" lakini, asije akasema katengeneza mwenyewe 😂